Barua ya malalamiko: mmekata maoni yetu kuhusu vitabu vya James Hadley Chase

Kikundi cha Wasomaji,
Kibuye,
Kisumu.

Kwa Meneja wa Mauzo,

KUH: MAONI YETU YALIYOKATWA KATIKA KIPEPERUSHI CHENU

Bwana Meneja,

Mimi ni katibu wa kikundi cha wasomaji cha hapa Kibuye. Mwezi wa Januari mlitutumia kwa basi fungu la vitabu kumi vya James Hadley Chase, mwandishi wa hadithi za uhalifu, mkatuomba tuvisome kisha tuwaandikie tulivyoviona. Tulivisoma. Watu kumi na mmoja, wiki kumi, vitabu vikizunguka kutoka nyumba hii hadi ile, na mwisho nikawatumia kurasa nne za maoni. Nawaandikia kulalamika kwa sababu ya mlivyozitumia kurasa hizo.

Kwenye kipeperushi mnachokiweka ndani ya kila fungu mnalouza, mmechapa maneno haya kwa herufi nzito, na chini yake jina la kikundi chetu: "Ukikianza usiku, jogoo atawika ukiwa bado umekishika." Maneno ni yangu, siyakani. Lakini sentensi niliyowaandikia haikuishia hapo. Ilikuwa hivi: "Ukikianza usiku, jogoo atawika ukiwa bado umekishika, ila kesho yake ukiulizwa wale watu walikuwa akina nani utababaika, maana wa kitabu hiki na wa kile kilichotangulia watakuwa wamekwisha kuchanganyika kichwani." Palipokuwa na koma mkaweka kituo. Katika kurasa nne mlizopewa, nusu hiyo ya sentensi ndiyo peke yake mliyoichapa.

Tulijuaje? Jumamosi iliyopita tulikuwa tumekaa nyuma ya duka la cherehani la mwenzetu, mahali tunapokutania siku zote, akaja mama mmoja wa mtaa wa Manyatta na mfuko mzito. Alitoa vitabu kimoja kimoja, akavipanga juu ya meza ya kukatia vitambaa, kisha akaweka kipeperushi juu yake na kuuliza, "Haya maneno ni yenu?" Tukamwambia ndiyo, ni yetu. Akafungua kitabu kimoja mahali alipokuwa amekunja pembe ya ukurasa, akampa mwalimu mstaafu ambaye ni mwenyekiti wetu. Ulikuwa ule ukurasa ambapo msichana aliyetekwa nyara anapigwa ili aache kumkataa mmoja wa watekaji. "Mwalimu," yule mama akasema, "na wewe ulisema nimnunulie mtoto hiki?"

Kijana wake yuko Kidato cha Pili. Mwalimu wake wa Kiingereza amekuwa akilalamika kwamba hasomi kitu nje ya darasa, na mama alipoona kipeperushi kwa jirani, na jina la kikundi cha watu wa hapa hapa mjini, akatoa shilingi 3,200. Mwenyekiti wetu amefundisha maisha yake yote na nusu ya mtaa imepita mikononi mwake. Sijawahi kumwona akikosa jibu mbele ya mzazi. Siku hiyo alikifunga kile kitabu taratibu, akavua miwani, akasema tu, "Mama, tuliandika zaidi ya haya." Lakini zaidi ya hayo ilikuwa wapi? Ilikuwa kwenu ofisini.

Kwa hiyo naona ni haki niwakumbushe tulichoandika, kwa sababu sina hakika kama kuna mtu aliyekisoma hadi mwisho.

Hatukuandika kwamba Chase ni mwandishi mbaya. Mwenyekiti wetu anampenda kwa moyo wake wote. Alimsoma akiwa bweni miaka ya 1970, kwa tochi, jalada limefunikwa kwa karatasi ya gazeti ili mwalimu wa zamu asiuone ule mguu wa mwanamke ulio mbele. Anasema Kiingereza chake cha kuandika alikipata humo: sentensi fupi, kitenzi mahali pake, hakuna mtu anayesimama kuhutubia. Dereva wetu wa lori la Kisumu hadi Busia naye alimpenda, na sababu yake ilinifurahisha. Alisema wizi katika vitabu hivi unapangwa kama safari, nani anakaa wapi, gari linageuzwa wapi, saa ngapi, halafu kitu kidogo ambacho hakuna aliyekifikiria kinaharibu yote. Fundi wetu wa cherehani aliongeza kwamba katika vyote alivyovisoma yeye, mwenye tamaa haifaidi ile pesa. Akasema hilo linamtosha.

Muuguzi wetu alikataa. Alisoma vitabu sita, akasema katika vyote sita mwanamke ameingia kama chambo au kama maiti. Alisema haya kwa upole, kitabu kiko mapajani, na mwenyekiti akamjibu kwamba hata wanaume humo ni mbwamwitu, hakuna mwema. Muuguzi akasema, "Sawa Mwalimu, lakini mbwamwitu wanapewa majina na mipango. Wanawake wanapewa nguo." Hapo tulibishana hadi giza likaingia, na fundi akawasha taa. Nililiandika jibu hilo neno kwa neno katika ukurasa wa pili. Kama kuna jambo moja ambalo mama yule wa Manyatta alihitaji kulisoma kabla ya kutoa pesa yake, ni hilo.

Mwanachama wetu mdogo kuliko wote, anayesoma Maseno, alichoka mapema. Kufikia kitabu cha nne alikuwa anatabiri mwisho na hakosei. Alisema pia kwamba Marekani ya Chase haina harufu, na ana hoja: Chase alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa London mwaka 1906, jina lake halisi René Raymond, na Marekani yake aliijenga zaidi kwa ramani na kamusi za lugha ya mitaani. Ule mji wake wa kitajiri wa Paradise City, huko Florida, haupo. Mwenyekiti akamuuliza, "Kwani wewe umeenda Florida?" Hatukukubaliana, na niliandika kwamba hatukukubaliana.

Mtu aliyeanza kuchapisha mwaka 1939 na kuendelea hadi miaka ya 1980, akaacha vitabu takriban 90, hawezi kusemwa kwa mstari mmoja. Viko vinavyokimbia vizuri na viko ambavyo unahisi mwandishi mwenyewe alikuwa anaangalia saa. Ndiyo maana ukurasa wetu wa nne wote tulieleza mgeni aanze na kipi, kipi ni cha mtu mzima peke yake, na kipi akiruka hapotezi kitu. Tulidhani mngeufurahia. Mteja anayeanza na kilicho bora hurudi kununua cha pili, na anayeanza na kibovu hurudi kudai pesa, kama mlivyoona.

Tena hili la maoni kugawanyika halikuanzia Kibuye. Mwandishi Mwingereza George Orwell aliandika insha mwaka 1944 kuhusu kitabu cha kwanza cha Chase, "No Orchids for Miss Blandish", kile kile alichokunja pembe mama wa Manyatta. Alikiri kwamba kimeandikwa kwa ustadi mkubwa, karibu hakuna neno la kupotea bure. Katika insha hiyo hiyo akaeleza jinsi ukatili wake ulivyomchukiza, na namna kinavyoabudu mwenye nguvu kwa sababu tu ana nguvu. Sifa na lawama zilitoka katika kalamu moja, na hakuna iliyofuta nyingine. Mngemfanyia mliyotufanyia sisi, mngemchapa kama mpiga debe wa Chase.

Na hapo pana jambo jingine ambalo mwenyekiti alisisitiza nililete. Chase mwenyewe alikifanyia kitabu hicho marekebisho mwaka 1961, kwa hiyo wanachosoma watu leo sicho hasa alichokisoma Orwell. Vingine alivitoa kwanza kwa jina la Raymond Marshall, baadaye vikarudi sokoni kwa jina la Chase. Kimoja cha mwaka 1940 kilitoka na jina lenye neno la kuwatusi Wachina, na jina hilo likaja kubadilishwa. Mnunuzi anaweza kununua hadithi moja mara mbili bila kujua. Katika fungu lenu hakuna mahali mnapotaja mwaka wa toleo wala jina la zamani. Tuliwaomba mfanye hivyo katika ukurasa wa tatu, na hamkutujibu.

Nilipopiga simu Jumatatu, kijana wa huduma kwa wateja alinijibu kwa adabu, nashukuru, lakini aliniambia kipeperushi ni tangazo na tangazo halina nafasi ya kasoro. Basi mngeandika tangazo lenu kwa maneno yenu wenyewe na kutia jina la kampuni. Mlitaka jina letu kwa sababu watu wanatuamini, na wanatuamini kwa sababu kitabu kikiwa kibovu tunasema ni kibovu. Wiki hii watu wawili wameniuliza sokoni kama tulilipwa. Hatukulipwa hata senti, na vitabu vyenyewe tuliwarudishia vyote kumi kwa nauli yetu.

Naomba mambo haya. Mama wa Manyatta arudishiwe shilingi 3,200 zake zote. Yuko tayari kuvirudisha vitabu, viko kwangu vikiwa vizima isipokuwa pembe ile moja ya ukurasa. Kipeperushi kiondolewe katika mafungu ambayo bado hayajatoka ghalani, au kichapwe upya chenye sentensi yangu nzima pamoja na maneno ya muuguzi wetu. Mkiona hayo hayawezekani, liondoeni jina la kikundi chetu. Kisha kila fungu lielezwe wazi kwamba hivi ni vitabu vya watu wazima, na orodha ionyeshe mwaka wa toleo na jina la zamani la kila kitabu kilichobadilishwa jina.

Nimeambatisha nakala ya kurasa zetu nne, kipeperushi chenu, na risiti ya mama huyo. Mwenyekiti amepiga mstari kwa kalamu nyekundu chini ya ile koma. Tunakutana tena Jumamosi ya tarehe 28, na yule mama ameahidi kuja kusikia mmejibu nini.

Wako mwaminifu,

Katibu,
Kikundi cha Wasomaji, Kibuye.