Tusihesabu mashine za mionzi tukasahau picha zinazoziongoza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu tiba ya mionzi kwa saratani za nyonga, yaani za mlango wa kizazi, tezi dume, kibofu cha mkojo na puru. Kila inapozungumzwa habari ya kuisogeza huduma hii karibu na watu wa Dodoma, Singida na Manyara, mazungumzo huishia kwenye idadi ya mashine, na ni nadra kumsikia mtu akiuliza picha zitakazoziongoza mashine hizo zitakuwa na ubora gani.

Kazi yangu ni kupiga picha za eksirei na siti skani, lakini jambo hili liliniingia moyoni nilipomsindikiza mama mdogo, mkulima wa mtama kutoka Kongwa, kwenda kutibiwa saratani ya mlango wa kizazi mbali na nyumbani. Alipangiwa mionzi mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tano, na kila siku kabla ya kuingia alitakiwa kunywa maji na kusubiri kibofu kijae. Siku moja katika wiki ya pili aliteremshwa kitandani mara mbili bila kupata mionzi. Nilimkuta kwenye benchi la korido amepakata chupa ya maji iliyobaki robo, akaniuliza, “Mwanangu, maji nimekunywa yote waliyoniambia, sasa kosa langu ni lipi?” Kosa halikuwa lake. Mtaalamu wa zamu alinionyesha picha ya asubuhi ile: ukingo kati ya kibofu na kizazi ulikuwa umefifia kama wino uliomwagikiwa maji, na michirizi myeusi na myeupe iliyotokana na gesi ya utumbo ilikatiza pale pale ambapo daktari alihitaji kuona.

Picha ya namna hiyo haipigwi kwa siti skani ya kawaida. Hupigwa na kifaa kilichofungwa ubavuni mwa mashine ya mionzi yenyewe, ambacho humzunguka mgonjwa kwa takriban dakika moja kikirusha eksirei kwa umbo la pia, zikaenea eneo pana kwa wakati mmoja badala ya kupita kwenye ukanda mwembamba. Upana huo ndio chanzo cha shida. Nyonga ni sehemu nene ya mwili, na eksirei zikipita humo hutawanyika kiasi kwamba, hasa kwa mgonjwa mnene, zile zilizopotoka njia zinazofika kwenye kipokezi huweza kuzizidi zilizonyooka, na picha ikatanda ukungu. Dakika moja nayo ni ndefu kwa utumbo, kwa kuwa gesi ikisogea kifaa kikiwa bado kinazunguka, michirizi haikwepeki.

Ukungu huo haumsumbui daktari kwa macho tu. Picha za siti skani, teknolojia ambayo mgonjwa wa kwanza alipimwa nayo London mwaka 1971 kwa kifaa cha Godfrey Hounsfield, husomwa kwa kipimo chenye jina lake, ambapo maji ni 0 na hewa ni hasi 1000, na kwa tarakimu hizo kompyuta hukokotoa kiasi cha mionzi kitakachofika kwenye kila kiungo. Picha ya kila siku ikitoa tarakimu zisizoaminika, haiwezekani kukokotoa upya mpango wa tiba kwa kutumia picha hiyo, na ile tiba inayorekebishwa kufuata mwili wa mgonjwa ulivyo siku ile inabaki maneno matupu. Kizazi huweza kusogea kwa sentimita kadhaa kibofu kinapojaa au kuwa kitupu. Daktari asiyekiona vizuri hulazimika kupanua eneo la mionzi ili asiikose saratani, na anayelipa gharama ya upanuzi huo ni mgonjwa, kwa utumbo na kibofu chake: kuharisha, maumivu ya kukojoa, na kwa wengine kutokwa damu katika haja kubwa miezi mingi baada ya tiba kwisha.

Njia za kuboresha zipo na si zote za gharama kubwa. Kuna kichujio kinachowekwa mbele ya kipokezi ili kuzuia mionzi iliyotawanyika, na kuna programu zinazokadiria mtawanyiko na kuuondoa wakati picha inaundwa. Sasa imeongezeka akili unde, inayofundishwa kuigeuza picha hafifu ya asubuhi iwe na ubora na tarakimu zinazokaribia za siti skani ya kupangia tiba. Hii ya mwisho naipenda na naihofia, kwa sababu programu iliyofundishwa kwa picha za wagonjwa wa mbali, ambao wengi wao uvimbe wao uligunduliwa mapema, ikikutana na uvimbe mkubwa tunaouona huku kwetu inaweza kuchora ukingo mzuri ambao mwilini haupo. Ndiyo maana natamani Chuo Kikuu cha Dodoma, chenye wanafunzi wa udaktari na wa kompyuta katika eneo moja, kifanye utafiti huu kwa picha za wagonjwa wetu, kwa ridhaa yao na majina yakiwa yamefutwa, na matokeo yapimwe na wataalamu wa fizikia tiba kabla ya kumgusa mgonjwa yeyote.

Hata kabla ya hayo, upo utaratibu ambao Waholanzi wameutumia kwa saratani ya mlango wa kizazi: mgonjwa hupigwa siti skani kibofu kikiwa kimejaa na kikiwa kitupu, huandaliwa mipango miwili au mitatu, na kila asubuhi mtaalamu huchagua unaolingana na picha ya siku hiyo. Hauhitaji mashine ya ajabu. Unahitaji picha inayotosha kuonyesha kibofu kinapoishia na kizazi kinapoanzia, na mtu aliyefundishwa kuisoma.

Ombi langu kwa wanaoandaa zabuni za vifaa vya tiba ya mionzi ni kwamba ubora wa picha ya nyonga uandikwe kuwa sharti, na upimwe kwa umbo la majaribio lenye unene wa mwili wa mtu mzima siku ya kupokea mashine, fundi wa muuzaji akiwa bado yupo. Bajeti itaje pia mishahara ya wataalamu wa fizikia tiba, pamoja na kifaa kidogo cha kupima kibofu kwa mawimbi ya sauti kiwekwe pale kwenye benchi la kusubiria, ili mama aliyekunywa maji yake ajulikane kama yuko tayari kabla hajapandishwa kitandani.

Wako,
Mtaalamu wa picha za tiba,
Nkuhungu, Dodoma