Mjomba, fundi wa chombo kilichofika Neptuni ni huyu

Mjomba, shikamoo.

Siku ile ya arusi, tumekaa mkekani tukisubiri pilau, nilikuonyesha kwenye simu picha ya Neptuni, ile sayari ya bluu. Ukaitazama, ukanirudishia simu, ukauliza: "Na hicho kilichopiga picha, kikiharibika huko, fundi gani anakifuata?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu hilo ndilo swali lenyewe, na sikuwa na jibu la kukutosheleza. Nimesoma tangu siku hiyo. Nakujibu hadharani kwa kuwa wengi wanadhani vyombo hivi hurushwa tu, vikaenda kama jiwe la manati.

Picha ile ilipigwa na Voyager 2, Agosti 1989. Wamarekani walirusha vyombo viwili vya jina hilo mwaka 1977, kwa kuwahi nafasi adimu: Mshtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni zilikuwa zinajipanga kwa namna inayotokea mara moja katika miaka 175 hivi. Chombo kikipita karibu na sayari moja, mvuto wake unakiongezea kasi na kukielekeza kwenye inayofuata. Pioneer 10, chombo kingine cha Wamarekani, ilikuwa imeshatangulia kufika Mshtarii mwaka 1973, ikathibitisha kwamba njia inapitika.

Hata mwaka haujaisha, Voyager 2 kikapata hitilafu. Sikiliza sasa, maana hapa ni kazi yako, ufundi wa redio.

Kilikuwa kimewekewa amri kwamba wiki nzima ikipita bila kusikia neno kutoka Duniani, kihesabu risiva yake, yaani redio ya kupokelea, imekufa na kihamie ya akiba. Aprili 1978 mafundi wake, kule California, walikuwa wameshughulishwa na Voyager 1. Wiki ikapita hawajakisemesha Voyager 2. Kikahamia akiba. Kumbe akiba nayo ilikuwa na kapasita mbovu, kile kipande cha kutunza chaji, kwenye saketi inayofuata masafa ya mawimbi yanapohama. Wakafanikiwa kukirudisha kwenye risiva ya kwanza, ikafanya kazi kitambo kidogo, ikafa na haikuamka tena. Ikabidi wakae wiki nyingine, chombo kimenyamaza, mpaka kihamie chenyewe kwenye ile mbovu.

Unazikumbuka zile redio ulizokuwa ukiletewa pale kibandani Ngamiani, ambazo zikipata joto tu stesheni inakimbia? Voyager 2 ndivyo kinavyosikia mpaka leo. Ila wewe ulikuwa na kitufe cha kuzungusha, na kule hakuna mkono. Kwa hiyo walioko Duniani hupiga hesabu: saa hii risiva ina joto kiasi gani, chombo kinakwenda kwa kasi gani, Dunia nayo inazunguka vipi, basi itakuwa inasikiliza kwenye masafa fulani. Halafu wanarusha mawimbi pale pale. Mtangazaji ndiye anayemtafuta msikilizaji. Nilipoelewa jambo hili niliweka simu chini, nikatoka nje kutembea kidogo. Kwa kapasita hiyo mbovu kimefika Zohali, Uranusi na Neptuni, na hadi sasa hakuna chombo kingine kilichowahi kufika hizo mbili za mwisho.

Mwaka 1981, kilipokuwa kimetoka tu kupita Zohali, jukwaa linalogeuza kamera likakwama. Grisi ilikuwa imetoka kwenye gia. Mafundi wakachukua mitambo ya aina ile ile iliyobaki Duniani, wakaichosha makusudi mpaka nayo ikakwama, ndipo wakajua dawa: kuligeuza polepole, wasilikimbize. Na kwa kuwa Uranusi mwanga wa jua ni hafifu, kamera inahitaji kukaa wazi muda mrefu, wakakifundisha chombo kizima kijizungushe taratibu wakati wa kupiga ili picha isivurugike. Januari 1986 kikaleta picha za miezi 10 inayoizunguka Uranusi, ambayo hakuna aliyekuwa anajua kwamba ipo.

Voyager 1 nacho, Novemba 2023, kikaanza kutuma takataka tupu. Kimoja kati ya vipande vya kumbukumbu kwenye kompyuta yake kilikuwa kimekufa, na kompyuta hiyo ni ya miaka ya 1970. Kukibadilisha haiwezekani, kiko kilomita zaidi ya bilioni 24. Wakaikatakata programu iliyokuwa imekaa mle, wakatafuta nafasi ndogo ndogo zilizobaki kwingine, wakaipachika vipande vipande. Amri ya kwanza waliituma tarehe 18 Aprili 2024. Mawimbi yalichukua saa 22 na nusu kufika, na saa nyingine kama hizo kurudi. Tarehe 20 kikajibu kwa maneno yanayosomeka. Yaani umetia lehemu leo, kujua kama redio inalia ni keshokutwa.

Kuna jambo moja nimelihifadhi kwa ajili yako, wewe mtu wa santuri. Kila kimojawapo cha vyombo hivi viwili kimebeba santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, pamoja na sindano yake na michoro ya namna ya kuipiga. Ina salamu za lugha 55. Kiganda kimo, Kiswahili hakimo, na hilo limeniuma. Lakini umo wimbo wa wasichana Wambuti wa msitu wa Ituri, Kongo, na hivi sasa umeshatoka nje ya upepo wa jua, yaani mkondo wa chembe zinazotoka kwenye jua.

Umeme wa vyombo hivi unapungua kila mwaka, mafundi wanazima kifaa kimoja kimoja ili redio iendelee kulia.

Nikija Tanga mwezi ujao nitakuletea mchoro wa saketi ya risiva za namna ile, nimeuchapisha kwa herufi kubwa usikusumbue macho. Nawe unitolee kwenye lile kopo la kahawa kapasita moja iliyokufa, unionyeshe unaijuaje.

Wako,
mpwao.