Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Anayesimamia mafunzo ya ubingwa naye afundishwe kuongoza

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia hadharani kwa heshima zote, kwa sababu jambo ninalolileta linamgusa kila mgonjwa ambaye miaka michache ijayo atakuwa mikononi mwa daktari bingwa anayefundishwa leo. Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya watoto, na kwa miaka 6 nilikuwa mratibu wa mafunzo ya ubingwa katika idara yangu. Ombi langu ni kwamba asiteuliwe mtu kusimamia programu ya ubingwa kabla hajafundishwa namna ya kuiongoza.

Daktari anayesomea shahada ya uzamili ya tiba, yule ambaye wodini tunamwita residenti, hasomi kama wanafunzi wengine wa chuo kikuu. Kwa miaka 3 au zaidi maisha yake yako hospitalini: anapokea wagonjwa, anatibu, anawaelekeza madaktari tarajali, anaandika tasnifu, na saa nane za usiku mara nyingi ndiye daktari mwenye ujuzi mkubwa kuliko wote walio karibu na kitanda. Mratibu ndiye anayepanga zamu zake, anayeshauri ni lini aachiwe kazi ngumu bila kusimamiwa, anayempa mrejesho anapokosea, na anayepaswa kutamka, hata kama inauma, kwamba bado hajafikia kiwango. Nilipokuwa ninasomea ubingwa nilifundishwa mengi kuhusu mapafu na moyo wa mtoto, lakini kati ya kazi hizo za mratibu sikufundishwa hata moja.

Niliteuliwa kwa barua fupi. Aliyenitangulia alikuwa amehamishwa, akaniachia mafaili na ufunguo wa kabati. Katika mwaka wangu wa kwanza, residenti mmoja wa mwaka wa pili alianza kuchelewa raundi ya asubuhi, kisha maelezo yake kwenye mafaili ya wagonjwa yakawa na mapengo. Nilimkaripia mbele ya wenzake, tena zaidi ya mara moja, kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa mimi pia. Aliponiletea barua ya kuacha masomo ndipo nilipomketisha na kumuuliza habari za nyumbani. Mtoto wake alikuwa amelazwa, na ratiba niliyoitia saini mwenyewe ilikuwa imempangia zamu za usiku mfululizo. Tuliirekebisha ratiba, akaendelea, akamaliza, na leo ni bingwa anayetegemewa mkoani. Lakini lile swali ningeweza kumuuliza wiki kadhaa mapema, laiti ningalifundishwa kumtambua daktari aliyeelemewa na kumtofautisha na daktari mzembe.

Ugumu mwingine, ambao walio nje ya hospitali zetu hawauoni kwa urahisi, ni kwamba programu hizi zina mabwana wawili. Tuchukue mfano wa Muhimbili: chuo kikuu, MUHAS, kiko chini ya wizara ya elimu, na hospitali ya taifa iko chini ya wizara yako. Chuo kinamtaka residenti ahudhurie semina na akamilishe utafiti wake. Hospitali inataka wodi isibaki bila daktari. Na madai yote mawili ni ya haki. Anayesimama katikati ni mratibu, ambaye hawezi kumwamuru muuguzi mfawidhi, wala mkuu wa idara, wala bingwa mwenzake aliyemtangulia kazini kwa miaka 15. Silaha yake pekee ni kujua kuketi na watu hao, kuwasikiliza na kufikia makubaliano yatakayodumu hata yeye asipokuwepo. Huo ni ujuzi kama ulivyo ujuzi wa upasuaji, nao hujifunzwa kwa kusimamiwa na anayeujua, si kwa kubahatisha.

Nchi yetu haijakosa mfano. Bagamoyo tunayo ADEM, Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, iliyoanzishwa kwa kutambua kwamba mwalimu hodari wa hisabati hawi mkuu wa shule hodari kwa sababu ya hisabati yake. Arusha tunacho CEDHA, kituo ambacho kwa miaka mingi kimewaandaa walimu wa vyuo vya afya na viongozi wa huduma za afya wilayani. Huko Marekani, chombo kinachoidhinisha programu za ubingwa, ACGME, kinamtaka mkurugenzi wa programu awe na uzoefu wa ualimu au utawala, tena atengewe muda wa kazi hiyo. Sisi tunamwongezea mratibu jukumu hili juu ya kliniki, zamu na vipindi vyake vyote.

Najua nitajibiwa kwamba mabingwa ni wachache na hawawezi kuondolewa wodini. Sipendekezi kozi ya mwaka mzima. Wiki chache zilizogawanywa kwa awamu, zikijengwa juu ya visa halisi na kufuatiwa na mwaka mmoja wa kushikwa mkono na mratibu mstaafu, zingetosha kuanzia. Mafunzo hayo yafundishe kupima umahiri, kupanga zamu kwa haki, kutoa mrejesho bila kudhalilisha na, jambo ambalo naomba lisiachwe kwa kuona haya, namna ya kumpokea residenti anayelalamika kwamba amenyanyaswa na mkubwa wake. Kwa sasa wengi wanaonyanyaswa hawajui hata mlango wa kugonga.

Kwa hiyo ninakuomba, Mheshimiwa, ukae na mwenzako wa elimu pamoja na Baraza la Madaktari Tanganyika na Tume ya Vyuo Vikuu, ili mafunzo hayo yawe sharti la uteuzi, na mratibu atengewe walau siku moja kwa wiki isiyo na kliniki wala zamu. Kabla ya kila mwaka mpya wa masomo kuna madaktari wanaopokea barua za uteuzi kama niliyoipokea mimi. Naomba barua zijazo ziwe na tarehe na mahali pa kuripoti mafunzoni.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Daktari bingwa wa magonjwa ya watoto,
Dar es Salaam