Kabla ya kuuziwa RAM, kijana aelezwe kompyuta yake inakubali nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie biashara ya kuziongezea kompyuta mpakato nguvu za kuchezea magemu, jambo ambalo vijana wengi hulitolea fedha za kuungaunga bila kuelezwa ukweli wake wote. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Kariakoo, na wanaofika mezani kwangu na mashine iliyokwisha kuongezwa RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta huitumia inapofanya kazi) kwingine, ilhali gemu bado linakwamakwama, ni wengi kiasi cha kunisukuma niandike.

Muuzaji hapaswi kuficha kwamba katika kompyuta mpakato nyingi kadi ya grafiki, yaani kifaa kinachochora picha za gemu, imelehemiwa kwenye ubao mama, ule unaobeba vifaa vya ndani, au imo ndani ya prosesa yenyewe, yaani ubongo wa kompyuta, hivyo haichomolewi na kubadilishwa kama ya kompyuta ya mezani. Anayeahidi kwamba RAM ya GB 16 itaifanya mashine ya ofisini, iliyoletwa kama mtumba, icheze magemu mapya sawasawa na ile iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, anaahidi kisichowezekana.

Hata hivyo, yapo yanayowezekana. Chukua kompyuta mpakato ya HP EliteBook 840 G3, ambayo ina nafasi mbili za RAM ya aina ya DDR4. Grafiki zake za ndani ya prosesa hazina kumbukumbu yake maalumu, bali hukopa kwenye RAM. Ikiwa ina kipande kimoja cha GB 8, kuongeza cha pili kinacholingana nacho huiwezesha prosesa kuvitumia vyote viwili kwa pamoja, njia ya kupitishia data ikapanuka maradufu, na gemu likalainika kwa namna ambayo mchezaji huiona mwenyewe. Mteja huyohuyo akichomolewa kipande chake na kuuziwa kimoja cha GB 16, nafasi ya pili hubaki tupu na njia hubaki nyembamba kama ilivyokuwa. Kuna nyingine, kama ThinkPad X1 Carbon, ambazo RAM yake imelehemiwa na haiongezwi kabisa, na kipande cha DDR3, aina iliyotangulia, hakiingii katika nafasi ya DDR4.

SSD, yaani hifadhi ya kisasa isiyo na diski inayozunguka, nayo ni ununuzi mzuri kwa mwenye diski ya zamani, maana gemu hufunguka upesi, lakini haiongezi kwa kiasi cha maana idadi ya picha zinazochorwa kwa sekunde.

Jambo linalonisikitisha kuliko yote ni joto, kwa kuwa tiba yake ni ya bei nafuu na ndiyo inayosahauliwa. Prosesa inapokaribia nyuzi 100 hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, na ndiyo maana gemu huanza vizuri, kisha baada ya dakika chache likaanza kuvutavuta. Nikifungua mfuniko wa chini wa mashine ya namna hiyo, mara nyingi nakuta matundu ya kutolea hewa yamezibwa na tabaka nene la vumbi, feni inazunguka bure, na ile dawa ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupoozea imekauka na kupukutika. Kusafisha na kupaka dawa mpya, hasa katika joto letu la Dar es Salaam, hurudisha kasi ambayo hakuna RAM ingeirudisha, na sioni uhalali wa kumuuzia mtu kipande kipya kabla hata ya kuifungua mashine yake.

Ninachowaomba wenzangu wenye maduka ni kwamba, kabla ya kupokea fedha, tufungue mbele ya mteja ile sehemu ya Windows inayoonyesha utendaji wa kompyuta, ambapo huonekana nafasi za RAM ni ngapi na ngapi zimetumika, kisha tuandike kwenye risiti aina ya kifaa tulichofunga na kilichoondolewa. Kwa mzazi ambaye bado hajanunua, na mwanawe anataka magemu mazito, ni heri aulize tangu mwanzo kama mashine ina kadi yake ya grafiki, kwa sababu hicho ndicho kifaa ambacho sisi mafundi hatutaweza kumwongezea baadaye.

Fundi wa kompyuta,
Kariakoo, Dar es Salaam