Gata za nyumba yako ya Mitwero

Naliendele, Mtwara
6 Oktoba

Shoga yangu Somoe,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima. Mikorosho imeanza kudondosha, vidole vyangu vimeshaingia madoa ya mabibo, na ukiona karatasi hii ina alama ya kahawia pembeni usidhani ni chai. Uliponiuliza kwenye simu juu ya mifereji ya kukinga maji ya paa, "Gata gani nzuri?", nilitaka kukujibu kwa neno moja nikashindwa, halafu salio likaisha. Ndiyo maana nimekaa na kalamu. Nina mengi ya kusema, na mengine yamenigharimu.

Picha za kiwanja nimezitazama zaidi ya mara tatu. Miembe miwili nyuma ya jiko, mivinje saba upande wa bahari, na ule mkorosho mkongwe uliolalia karibu nusu ya ua. Umesema hukati hata mmoja. Kata uone! Nitakuja Lindi mwenyewe kukugombeza. Ila ujue umejichagulia jirani wa namna gani.

Mbuyu una adabu. Unapukutisha majani kwa msimu wake, unafagia siku mbili tatu, umemaliza. Mwembe, mkorosho na mvinje havina likizo. Kijani mwaka mzima maana yake vinaangusha mwaka mzima, jani moja leo, matano kesho, na kusi likivuma usiku mmoja unaamka juu ya bati kumekuwa kama shamba. Julai na Agosti ni maua ya mwembe, unga mtupu. Sasa hivi ni mabibo. Desemba ni maembe. Kwa hiyo fundi akikwambia ana gata isiyoziba, mpe maji ya kunywa na umsindikize. Wewe tafuta gata inayosafishika upesi, na ambayo siku ukisahau kuisafisha haikuangushii nyumba.

Mimi nilidanganyika. Yule fundi wetu wa kwanza, jina silitaji, alifunga gata nyembamba kuzunguka nyumba nzima, kona nne, na bomba moja la inchi 2 la kuteremsha maji yote. Akaniambia, "Mama, hii ukifunga umesahau." Kweli nikasahau. Mwaka wa pili, Januari, mvua ya saa tisa usiku, nikasikia mlio kama mtu anavunja kiti. Asubuhi gata ya mbele iko kibarazani imejikunja kama nyoka aliyepigwa, na kipande cha fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa, kimeng'oka nayo. Nikainua upande mmoja, haikuinuka. Ilikuwa imejaa uji mweusi wa majani yaliyooza, mzito kama tope la mpunga, na juu yake kumeota vimche vya mwarobaini, vya kijani kabisa, vina afya kuliko mboga zangu. Breketi, vile vishikizo vya gata, alizigonga kila baada ya mita moja na zaidi, kwa misumari. Maji peke yake zingeyabeba. Uji ule haukuwa maji.

Baadaye tulipokata elbo, ile kona ya lile bomba, tukakuta kokwa ya embe imejikita humo. Komba wanakula maembe juu ya bati langu usiku wa manane na kuacha kokwa kama wageni wasio na haya. Katika bomba la inchi 2, kokwa moja inatosha. Na jani la mkorosho sikwambii. Likikauka linajikunja kama upawa, likilowa linanyooka na kulala juu ya tundu la bomba utadhani limekatwa kwa kipimo chake. Jani moja tu, na gata nzima inageuka hori.

Basi tulipofunga upya nilisimama mwenyewe chini ya ngazi siku mbili. Nakueleza tulivyofanya.

Gata ni ya inchi 6, ya wazi. Mabomba ni ya inchi 4, yale yale yanayotumika kwa maji taka, jani na kokwa vinapita. Hatukuzungusha nyumba. Upande wa mbele una gata yake na wa nyuma una yake, hakuna kona hata moja, kwa sababu takataka hupenda kupumzika kwenye kona. Kila gata ina kilele katikati na mabomba mawili, moja kila mwisho. Mteremko ni sentimita 1 kwa kila mita 2. Fundi alitaka iwe sawa sawa ili ipendeze kwa macho, nikamwambia avute uzi kwanza, na mpira wa maji wa kupimia usawa tukautumia kuhakiki, maana fisha bodi zetu zenyewe hazijanyooka. Bomba moja likiziba, maji yanapanda kidogo, yanavuka kile kilele na kwenda kutokea upande wa pili. Nimeliona hilo kwa macho yangu Februari iliyopita, nikacheka peke yangu dirishani.

Breketi weka kila sentimita 50, na skrubu, si misumari. Ukingo wa nyuma wa gata, ule unaoegemea fisha bodi, uwe juu kuliko wa mbele. Hapo wengi hawapaangalii. Gata ikifurika, maji yamwagike nje uani, yasirudi ndani kuozesha mbao na kuchora ramani kwenye dari. Na bati liingie juu ya gata kama sentimita 5. Likiwa fupi, maji yanafuata tumbo la bati na kushuka nyuma ya gata, utalaumu gata bure. Likizidi, mvua kubwa inaruka na kuipita.

Umeniuliza plastiki au bati la kukunja. Kwako wewe, ukisimama mlangoni unaona bahari, sahau bati la kukunja. Chumvi inalila, na majani mabichi yakikaa humo yanatunza unyevu mchana na usiku, kutu inapata chakula mara mbili. Kama hela ya korosho itatoka vizuri, alumini. Kama haitatoka, plastiki nene, na usione haya. Shida ya plastiki ni jua. Inakakamaa na miaka, na inarefuka kwa joto. Kipande cha mita 4 kinaweza kurefuka milimita 5 hadi 8 kati ya alfajiri na saa nane mchana, kwa hiyo kwenye viungo iachiwe nafasi ya kucheza ndani ya raba. Fundi anayebana kila kiungo kwa skrubu na silikoni anakutengenezea nyufa. Na ngazi isiegemezwe kwenye gata hata siku moja. Baba Rehema aliegemeza mara moja. Tulinunua kipande kingine.

Sasa mivinje. Hapo ndipo nataka unisikilize, kwa sababu miaka ile tulipopanga nyumba Shangani, Mtwara mjini, tulikuwa na mivinje mitatu ubavuni, na kila kitu tulikijaribu. Lile si jani, ni kijiti chembamba cha pingili pingili, ukikivuta kinaachana kwenye pingili. Tuliweka wavu wa kuku juu ya gata. Majani ya mwembe yalikaa juu, sawa, lakini vijiti vya mvinje vilipita vikiwa wima, nusu ndani nusu nje, vikashonana na waya mpaka wavu wote ukawa kama mswaki. Kuutoa ilibidi tuukate kwa koleo. Tukaweka wavu wa mbu. Ule haukupitisha kitu, hata maji. Vijiti vilijitandika juu kama mkeka, mvua ikawa inateleza juu ya mkeka na kumwagika mbele ya mlango. Kuna vifuniko vya wenzetu wa nchi za nje, vya chuma cha kuteleza, maji yanafuata mkunjo na kuingia kwenye mwanya, majani yanateleza chini. Kwa majani mapana sawa, lakini vijiti vinafuata maji kwenye mwanya ule ule, na mvua zetu za Januari zinaruka kifuniko chote. Wengine huko hujaza gata sponji au brashi ndefu. Fikiria kuchambua vijiti vya mvinje kutoka kwenye brashi, shoga, kimoja kimoja.

Ushauri wangu utakushangaza. Upande wa mivinje usifunge gata kabisa. Acha bati litokeze mbele ya ukuta kiasi cha sentimita 60 au zaidi, chini mwaga kokoto, au piga zege jembamba lenye mteremko wa kwenda nje, maji yaanguke na kwenda zake. Vijiti vitaanguka navyo, utafagia ukiwa umesimama ardhini, hakuna ngazi. Ndiyo, utapoteza maji ya upande huo. Lakini piga hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Upande wako wa miembe, kwa vipimo ulivyonitajia, ni mita 6 kwa 11, ukipima chini na si kwa kufuata mlalo wa bati. Hizo ni mita za mraba 66. Mvua ya milimita 40, ambayo kwetu ni usiku mmoja tu wa mvua kubwa Januari, ni lita 2,640. Toa zinazoruka na kupotea, bado hukosi lita 2,000. Usiku wa tatu tanki lako la lita 5,000 linafurika. Maji ya upande wa pili ungeyaweka wapi?

(Usinitajie kile kimbunga Hidaya. Mei 2024 barabara ya Somanga yenyewe ilikatika. Gata haipimwi kwa siku kama ile.)

Kwa kuzuia majani yasiingie kwenye tanki, zuia huku chini, mahali mkono wako unafika. Sisi bomba tulilikata juu ya tanki, chini ya mkato tukaweka kipande cha wavu wa chekeche, lile la mafundi la kuchekechea mchanga, kwenye fremu ya mbao, kimelala kwa mshazari. Maji yanapita, majani yanateleza na kuangukia uani, kuku wanayachakura. Mdomo wa tanki ndio una wavu wa mbu, na huo ni lazima, kwa sababu mbu wa denge hutaga kwenye maji masafi yaliyotuama, iwe tanki, iwe gata iliyogeuka hori. Kila asubuhi ya mvua napita, napangusa chekeche kwa mkono, naendelea kuwasha moto. Nusu dakika.

Na salfa, ile dawa ya unga! Karibu nisahau, na wewe una mkorosho juu ya paa. Huo mmoja labda hutaupulizia, lakini majirani watapuliza yao kuanzia Juni kwa ajili ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, na upepo hauna mpaka. Bati langu Agosti huwa la njano, ukilipitisha kidole kinanuka kiberiti. Juu yake kuna vumbi, mavi ya kunguru na ya komba. Kwa hiyo elbo ya mwisho, inayoingiza maji tankini, hatukuitia gundi. Mvua mbili za kwanza naizungusha inamwaga nje kwenye migomba. Ya tatu naigeuza. Mafundi hupenda kuweka bomba la kusimama la kupokea maji machafu ya mwanzo, ni zuri, lakini bomba la inchi 4 linabeba kama lita 8 tu kwa mita moja, na paa kama lako linataka kuoshwa kwa lita 60 hivi. Mkono wako ni rahisi zaidi. Maji ya kunywa bado chemsha.

Panda kuangalia gata mara nne kwa mwaka, na mara moja iwe Novemba kabla mvua haijaanza, baada ya kusi kumaliza kumwaga uchafu wake. Tumia kopo la mafuta lililokatwa mdomo, linachota vizuri kuliko mwiko.

Fundi wako usimlipe hela yote kabla hujamwaga ndoo ya maji juu ya bati, pale penye kilele, ukaona inavyogawanyika na kutokea kotekote. Tena mwaga na majani makavu machache. Akinuna, mwache anune. Akikuuliza nani kakufundisha, mwambie kuna mwanamke Naliendele aliangukiwa na gata.

Nipimie tena upande wa jiko kwa futi kamba, usikadirie kwa hatua zako hizo za haraka haraka, unitumie. Nikijua urefu kamili nitakwambia vipande vingapi na breketi ngapi, duka la hapa sokoni linauza nafuu na mzigo unapanda basi la asubuhi. Rehema anauliza kama ule mwembe wa pili ni dodo au ni wa kienyeji. Mwambie mwenyewe, mimi ananisumbua.

Wako,
Mwanahawa