Mbwa mwenye minyoo ya moyo hatibiwi kwa sindano ya ng'ombe

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu yako ya barua. Mtu akimchukua mbwa wa mtaani, au aliyeachwa na wenyewe waliohama, humkogesha, humlisha, kisha jirani anamshauri: "Mchome ivermektini, atasafishika ndani na nje." Mwenye mbwa huenda duka la dawa za mifugo na kurudi na kichupa cha ng'ombe cha dawa hiyo ya kuua minyoo na wadudu wa ngozi. Kama mbwa ana minyoo ya moyo, sindano hiyo inaweza kumlaza chini siku hiyohiyo, na akipona, minyoo mikubwa bado imo.

Hesabu yake ni hii. Kichupa cha ng'ombe kina ivermektini ya asilimia 1, yaani miligramu 10 kwa kila mililita. Dozi ya kumkinga mbwa na minyoo ya moyo ni mikrogramu 6 kwa kilo moja ya uzito, mara moja kwa mwezi. Mbwa wa kilo 20 anahitaji mikrogramu 120, ambazo kwenye kichupa kile ni mililita 0.012. Bomba la sindano la kawaida haliwezi kupima tone hilo kwa uhakika. Basi mchomaji hufuata maandishi ya ng'ombe, mililita 1 kwa kilo 50, na mbwa wa kilo 20 anapata mililita 0.4, kiasi cha mara 33 ya anachohitaji. Kama damu yake imejaa vitoto vya minyoo, maelfu yao hufa kwa mpigo: ufizi unakuwa mweupe, anatapika, miguu inalegea, anaanguka. Mbwa wa aina ya Collie na machotara wake wana hatari nyingine tena, kwa kuwa wengi wao hurithi kasoro inayoruhusu dawa hii kupenya hadi kwenye ubongo.

Minyoo hii ni ya ukoo mmoja na ile ya matende na mabusha, ugonjwa ambao wakazi wa Dar es Salaam wanaufahamu. Inaenezwa na mbu. Mbu akimnyonya mbwa mgonjwa hubeba vitoto vya minyoo, navyo kwa joto la pwani hukomaa ndani yake kwa siku 10 hadi 14 na kuwa tayari kuingia kwa mbwa mwingine. Humo huchukua miezi 6 hadi 7 kuwa minyoo mikubwa inayozaa. Jike hufikia sentimita 25 hadi 31, mfano wa uzi mrefu wa tambi, na minyoo huishi miaka 5 hadi 7. Licha ya jina, makao yake hasa ni mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye mapafu. Ikizidi ndipo inarudi nyuma hadi upande wa kulia wa moyo. Mbwa hamwambukizi mwenzake kwa kumlamba wala kwa kula sahani moja.

Wengi hawaonyeshi dalili yoyote mwanzoni. Baadaye huja kikohozi kikavu, kuchoka baada ya mbio fupi, kukonda, na mwisho tumbo kujaa maji au kuzimia. Mbwa akianguka ghafla huku mkojo wake una rangi ya chai ya rangi, huenda minyoo imeziba njia ya damu ndani ya moyo, naye ni wa kukimbizwa kwa daktari saa hiyohiyo. Huyo hasubiri ratiba tutakayoieleza.

Kwa hiyo kabla ya dawa yoyote, pima damu. Kipimo cha haraka, kinachofanana na kile cha malaria, hutafuta kemikali inayotolewa na minyoo mikubwa ya kike. Kina udhaifu mmoja ambao wengi hawaujui: mbwa aliyeambukizwa miezi 3 iliyopita hatapatikana nayo, kwa sababu majike hayajakomaa. Mbwa uliyemchukua leo na kipimo kikasema hana, apimwe tena baada ya miezi 6. Pamoja na kipimo hicho, damu iangaliwe kwenye hadubini. Tone la kawaida huweza kukosa vitoto vikiwa vichache. Njia nzuri ni kuchanganya mililita 1 ya damu na mililita 9 za formalini ya asilimia 2, kuzungusha kwenye mashine dakika 5, kisha kupaka rangi ya bluu ya methilini kwenye mashapo.

Lakini si kila kitoto kinachoonekana kwenye damu ya mbwa wa Afrika Mashariki ni cha minyoo ya moyo. Yupo Dirofilaria repens, anayeishi chini ya ngozi na asiye na hatari kubwa. Yupo pia Brugia patei, aliyeelezwa mwaka 1958 na kupewa jina la Kisiwa cha Pate karibu na Lamu. Daktari akiona vitoto huku kipimo cha haraka kikisema hakuna, asikimbilie kumchoma mbwa dawa kali. Sampuli ipelekwe maabara. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania wako hapahapa Temeke. Damu hiyohiyo ichunguzwe magonjwa ya kupe. Mbwa wa mtaani huwa na mizigo miwili mitatu kwa pamoja, na mwenye ugonjwa wa kupe uliompunguzia chembe za kugandisha damu atavuja damu kirahisi akichomwa sindano ndani ya nyama.

Sasa tiba. Tunafuata mpangilio uliotolewa na chama cha Marekani cha minyoo ya moyo, American Heartworm Society, na kila hatua ina sababu yake.

Siku ya kwanza mbwa anaanza dawa ya kinga ya kila mwezi, ile ya dozi ya mbwa. Kama damu ina vitoto vingi, apewe kwanza dawa ya mzio na prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini, na akae kwa daktari akiangaliwa kwa saa 8 hivi. Kinga hii inaua minyoo michanga ya chini ya miezi 2 na kuzuia mipya isiongezeke. Anaanza pia doksisaiklini, miligramu 10 kwa kilo, asubuhi na jioni, siku 28. Lengo lake ni bakteria waitwao wolbakia wanaoishi ndani ya minyoo. Bila hao mnyoo unadhoofika, na ukifa hausababishi uvimbe mkali kwenye mapafu. Mbwa wa kilo 20 atatumia kapsuli 2 za miligramu 100 kila mara, jumla kapsuli 112. Nunua zote kwa pamoja, maana dozi zikikatika katikati unapoteza ulichokwisha jenga. Usimpe kapsuli kavu kooni. Ikikwama kwenye umio inachoma kidonda. Mfichie ndani ya ugali wenye mchuzi au kipande cha nyama, na ahakikishwe anakunywa maji. Akitapika sana, daktari anaweza kushusha dozi hadi miligramu 5 kwa kilo.

Mbwa mwenye dalili huongezewa prednisoloni: nusu miligramu kwa kilo mara mbili kwa siku wiki ya kwanza, mara moja kwa siku wiki ya pili, kisha siku moja anapewa na siku moja anaachwa kwa wiki mbili. Kwa kilo 20 ni vidonge 2 vya miligramu 5 kila dozi, jumla vidonge 56. Atakunywa maji mengi na kukojoa ndani ya nyumba. Asichapwe, ni dawa. Usichanganye na diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini, kwa sababu tumbo litatoka vidonda na kuvuja damu.

Baada ya siku 28 hizo kuna mwezi mzima wa kusubiri, mbwa akiendelea na kinga tu. Hapa ndipo watu hukasirika na kuuliza kwa nini hachomwi. Mwezi huo unaipa miili ya wolbakia waliokufa nafasi ya kuondoka, na unaiacha minyoo iliyokuwa katikati ya umri ikue hadi pale dawa ya kuua minyoo mikubwa inapoweza kuifikia.

Dawa hiyo ni melasomini, yenye aseniki ndani yake. Hutolewa siku ya 61, kisha siku ya 90 na siku ya 91. Unga wa miligramu 50 huchanganywa na mililita 2 za maji safi ya sindano, na dozi ni miligramu 2.5 kwa kilo, yaani mililita 0.1 kwa kila kilo. Huchomwa ndani kabisa ya nyama ya mgongo, kati ya pingili ya tatu na ya tano ya kiuno, na sindano ya siku ya 91 iende upande wa pili. Ikivuja chini ya ngozi, nyama inavimba na kuoza. Mbwa lazima apimwe uzito kwenye mizani asubuhi hiyo, si kwa kukisia, kwa sababu nafasi kati ya dozi sahihi na dozi ya sumu ni ndogo. Sindano mbili huua takriban asilimia 90 ya minyoo. Tatu hufika asilimia 98. Wanaotaka kuruka ya tatu wanaokoa kidogo sana.

Dawa hii si ya kuchukua juu ya kaunta. Kabla ya siku ya kwanza, muulize daktari kama anaweza kuipata kwa njia halali na kwa kiasi cha sindano zote tatu. Jibu likiwa hapana, kuna njia ya polepole: moksidektini ya mbwa, mojawapo ya dawa za kinga, kila mwezi pamoja na doksisaiklini ya siku 28, na kupima kila miezi 6. Inaweza kuchukua mwaka na zaidi, na muda wote huo minyoo inaendelea kukwaruza mishipa. Tunaitumia pale tu njia nyingine inapokosekana.

Mbwa wengi wanaokufa kwenye tiba hii hawauawi na dawa, wanauawa na mbio. Minyoo iliyokufa haitoki na choo. Inakatika vipande, damu inavisukuma ndani ya mapafu, na vinaziba mishipa midogo hadi mwili uviyeyushe. Mbwa akitulia, mapafu yanamudu. Akikimbia, moyo unasukuma kwa nguvu na vipande vinaingia kwa wingi mahali palipokwisha ziba. Hatari kubwa zaidi ni kati ya siku ya 7 na ya 10 baada ya sindano, ingawa inaweza kuendelea hadi wiki 4.

Kutulia kunaanza siku kipimo kiliposema anayo, na kunabanwa kabisa tangu sindano ya kwanza hadi wiki 6 hadi 8 baada ya ya mwisho. Kwa mji wetu hili ni gumu kuliko dawa. Mbwa wengi wa Dar hufungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku walinde. Huyu atolewe zamu. Mlinzi aambiwe kwa maneno ya wazi kwamba hafunguliwi hata geti likigongwa, na ufunguo wa banda ukae kwa mtu mmoja. Atoke kwa kamba fupi, dakika 5 za haja, arudi. Banda lisiwe linatazama geti, kwani kila bodaboda ikipita atarukaruka humohumo ndani, na kurukaruka ni mbio vilevile. Jike la jirani likiwa kwenye joto, dume lako liingizwe chumba cha ndani. Kama mnaweza kuchagua, msipange sindano za siku ya 90 na 91 ziangukie mkesha wa mwaka mpya wenye fataki, wala Januari na Februari kwa mbwa ambaye banda lake ni la bati tupu. Watoto wamletee chakula, wasicheze naye.

Jifunze kuhesabu pumzi zake akiwa amelala: hesabu kifua kinavyoinuka kwa sekunde 30, zidisha mara 2. Ikizidi 30 kwa dakika, au joto likivuka nyuzi 39.5, au akikohoa damu, akagoma kula, ufizi ukapauka, mpigie daktari usiku huohuo. Uvimbe mdogo na maumivu mgongoni ni vya kawaida kwa siku chache, usikande.

Chanjo ya kichaa cha mbwa apewe kabla ya yote haya kama hana. Kumfunga kizazi kusubiri.

Siku ya 120 damu huangaliwa kama bado ina vitoto. Kipimo cha haraka kirudiwe siku ya 365, si kabla, kwa sababu mabaki ya minyoo iliyokufa yanaweza kukifanya kiseme bado imo na watu wakamchoma mbwa bure mara ya pili. Kinga ya mwezi haikomi hata mwezi mmoja: Dar mbu wapo masika, vuli na kiangazi. Banda lihamishwe mbali na choo cha shimo na mtaro uliotuama, liwekewe wavu, na sufuria la maji limwagwe na kusuguliwa kila siku.

Wenye maduka ya dawa za mifugo, tunawaomba jambo moja: mteja akisema ivermektini ni ya mbwa, mwulizeni uzito wake na kama damu imepimwa. Akijibu hapana kwa lolote kati ya hayo, mwelekezeni kwa daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari.

Wenu,
Madaktari wa mifugo tunaotibu mbwa na paka,
Kinondoni, Dar es Salaam