Kabla ya kupaka rangi chupa kubwa, mpigieni dereva simu

Mhariri,

Msimu wa matangazo ya Krismasi unapokaribia, gereji za Eneo la Viwanda na Kariobangi hujaa vyombo vya ajabu, yaani malori ya matangazo yenye sanamu kubwa za bidhaa: chupa ya soda iliyolazwa juu ya lori dogo la Canter, mkate wa slesi mgongoni mwa Isuzu NQR, pakiti ya sabuni kubwa kama kibanda cha M-Pesa. Watu huvifurahia, watoto huvikimbilia, kampuni hulipa. Anayetakiwa kuvifikisha Githurai, kisha Nakuru, kisha Kisumu, huonyeshwa chombo jioni ya kuamkia safari, rangi ikiwa bado inanata. Sisi tunaoviendesha na tunaovichomelea tuna ombi moja kwa wanaoviagiza: dereva aitwe kabla ya faiba (nyuzi za kioo zilizoshikwa na resini, ndiyo ngozi ya sanamu) kumwagwa, na apewe namba tatu kwa maandishi, yaani kimo, uzito na upana.

Kimo ndicho huaibisha mapema. Wengi hukipima vibaya kwa sababu hupima lori likiwa limebeba jenereta, spika na katoni za bidhaa. Kipimo sahihi ni cha lori tupu, matairi yamejazwa upepo sawasawa, limesimama mahali tambarare. Lazeni bomba lililonyooka juu ya ncha ya sanamu, hakikisheni limelala sawa kwa pimamaji, kisha shusheni futi ya fundi hadi chini pande zote mbili. Springi za nyuma zikipunguziwa mzigo, lori huinuka sentimita tano, hata nane. Ndiyo maana gari lililoingia vizuri chini ya paa la kituo cha mafuta asubuhi hushindwa kutoka jioni, baada ya bidhaa zote kugawiwa. Kwenye kimo hicho ongezeni sentimita 30 za usalama, kwa kuwa tuta moja lisilo na alama linatosha kuirusha ncha ya sanamu juu kuliko mlivyopima.

Nyaya ni habari nyingine. Kayole, Dandora, Mathare na Kawangware, barabara za ndani zimevukwa na nyaya za intaneti, za runinga na za stima ya kuunganishwa kiholela, zote zikiwa zimening'inia pamoja hata huwezi kujua ipi ni ipi. Waya wa stima hulegea jua linapopanda, kwa hiyo uliokupisha saa mbili asubuhi huenda ukakukwaruza saa nane mchana. Tanboi wengi, yaani wasaidizi wa dereva, hupanda juu na kipande cha mbao kuuinua. Mbao iliyolowa mvua hupitisha stima. Faiba kavu haipitishi, lakini ndani ya sanamu kuna fremu ya chuma iliyoungwa moja kwa moja na chesisi, ule mfupa wa chuma unaobeba lori, na bolti zake mara nyingi hujitokeza juu. Kila waya uhesabiwe kuwa una moto, na kama hakuna nafasi, lori lirudi kinyumenyume, hata kama mtangazaji ameshaanza kuita watu. Njia yenyewe ikaguliwe siku moja kabla kwa pikapu iliyofungwa mti wenye urefu wa kimo pamoja na zile sentimita 30. Mti ukigusa, njia hiyo ifutwe kwenye ratiba. Kazi hii humaliza nusu siku na mafuta kidogo tu, na bado ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti ikibanwa.

Uzito sasa. Hesabu yake si siri, na fundi yeyote wa faiba anaweza kuifanya kwenye kipande cha katoni. Tuseme ni chupa ya urefu wa mita nne na kipenyo cha mita 1.2. Ngozi yake ni kama mita 17 za mraba. Tabaka moja la mkeka wa nyuzi za kioo wa gramu 450 kwa mita ya mraba, likishiba resini, ile gundi inayoganda, mara mbili na nusu ya uzito wake, ni kilo 1.6 hivi kwa kila mita ya mraba. Matabaka matatu yanatosha kwa kazi hii, na yanafikisha kilo 80. Fremu ya mabomba ya mraba ya milimita 40 yenye unene wa milimita mbili ni kilo 2.3 hivi kwa mita. Mita 35 zake ni kilo 80 nyingine. Jumla 160, mzigo ambao Canter haiuhisi.

Balaa huanza pale kalibu ya kuundia chupa ilipokosewa, chupa ikatoka na mabonde, na fundi akayaziba kwa filla. Filla ya milimita tano tu juu ya mita hizo 17 ni lita 85, na uzito wake ni karibu kilo 100, pengine zaidi. Yote hiyo inakaa nje na juu, mahali pabaya kuliko pote. Kosa la pili ni la asubuhi za baridi za Julai: resini ikichelewa kuganda, fundi huongeza dawa ya kugandisha. Kilo moja ya resini inahitaji gramu 10 hadi 20. Ikizidishwa, faiba huchemka, hukauka kama kaki, na baada ya wiki moja ya matuta hupasuka kwenye pembe, hasa pale inaposhikana na chuma. Ufa unaoanza na mstari mweupe mwembamba kuzunguka bolti si wa kupakwa rangi tena. Huo unahitaji kuchimbwa na kutiwa mkeka mpya kwa ndani.

Halafu kuna jukwaa, spika na jenereta. Chukueni lori la kilo 5,000 ambalo kitovu chake cha uzito kiko mita 1.1 kutoka ardhini. Liongezeeni kilo 600 zilizokaa mita tatu juu. Kitovu kinapanda sentimita 20. Kwa macho huoni kitu, lakini dereva aliyezoea kukata mzunguko wa barabara kwa kasi ya kawaida atahisi magurudumu ya ndani yakipungukiwa uzito. Na namba ya karatasi isiaminiwe peke yake. Chombo kikikamilika kipelekwe kwenye mizani ya lori, ekseli ya mbele ipimwe peke yake na ya nyuma peke yake. Jenereta ikiwekwa mwisho kabisa wa bodi, nyuma ya ekseli, huinua uzito kutoka magurudumu ya mbele, na usukani huwa mwepesi kwa namna ambayo dereva mgeni huisifu.

Sanamu isichomelewe kwenye chesisi, wala chesisi isitobolewe kwenye kingo zake za juu na chini, kwa kuwa hapo ndipo nguvu nyingi hupita. Ifungwe kwa yubolti, yaani bolti zilizopindwa kama herufi U, na raba ngumu ikae kati ya chuma na chuma. Bolti za milimita 12 za daraja la 8.8 zikazwe kufika kama nyutoni-mita 80, zile za milimita 16 kama 200, kwa nati zenye nailoni ndani. Baada ya kilomita 50 za kwanza zikazwe tena, maana rangi na raba huwa zimelala. Mpige kila nati mstari wa rangi unaovuka hadi kwenye chuma. Asubuhi tanboi atajua iliyolegea kwa kutazama tu.

Upepo huua bolti kuliko matuta. Uso wa mita mbili kwa mbili unaoelekea mbele husukumwa na karibu kilo 40 kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Kwa 80 ni kama kilo 100. Sheria ya Trafiki inaruhusu lori kwenda 80 nje ya mji, lakini kwa chombo cha aina hii tunashauri 60, na pungufu ya hapo mkiteremka kuelekea Mai Mahiu au mkikata nyika baada ya Athi River, ambako upepo hutoka ubavuni bila kubisha hodi. Trela likija mbele yenu mtasukumwa kwanza, kisha mtavutwa. Usukani ushikwe kwa mikono miwili, bila kuupindua kwa ghafla kujibu.

Kuna wanaodhani tunakuza mambo. Marekani, kampuni ya Oscar Mayer imekuwa na gari lenye umbo la soseji tangu 1936. Kila mwaka huchagua vijana 12 hivi waliotoka chuo kikuu, na kabla ya kuwakabidhi funguo huwapa wiki mbili za mafunzo, pamoja na namna ya kulipitisha barabarani gari la mita nane lenye kioo kikubwa na ubavu mnene. Hata hivyo Julai 2024 moja lao liligonga gari dogo kwenye barabara kuu karibu na Chicago, likayumba na kulala ubavu. Hapa kwetu mafunzo ni kutupiwa funguo.

Tungependa pia mafundi wa spika wasikie hili: lori lina volti 24 zinazotoka kwenye betri mbili za 12. Kuiba volti 12 kwa kushika betri moja ya mwisho kunafanya moja iishe na nyingine ijazwe kupita kiasi, na zote mbili hufa ndani ya miezi michache. Nunueni kipunguza-volti. Jenereta nayo, kama injini yake haina tabo ya kusukumia hewa ndani, hupoteza kama asilimia tatu ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi, kwa hiyo jenereta ya kVA 10 hapa ni kama 8.3. Ndiyo sababu muziki unaofanya kazi vizuri Mombasa hukatika Limuru.

Mvua. Sanamu ya faiba ni mtungi. Isipotobolewa tundu la milimita 12 sehemu ya chini kabisa, mvua za Novemba zitaijaza polepole, na lita 100 zinazocheza ndani ni kilo 100 zinazohama kila ukipiga breki.

Lakini linalotunyima usingizi ni watoto. Zawadi kurushwa kutoka kwenye lori linalotembea ni jambo ambalo kampuni zinaliomba wazi kwa ajili ya picha. Fulana ikitua katikati ya barabara, mtoto haangalii gurudumu. Lori la sanamu lina sehemu nyingi ambazo dereva haoni kuliko lori la kawaida, kwa sababu bodi imepanuka kupita vioo vya pembeni. Hapa ndipo ile namba ya upana inapohitajika, ili vioo viwekewe mikono mirefu. Zawadi zigawiwe lori limesimama, injini imezimwa, magurudumu yamewekewa kabari, na meza ikae upande usio wa barabara. Wakati wa kuondoka muziki uzimwe kwanza, maana muziki ukiendelea watoto hawaondoki. Watu wawili wazunguke gari, mmoja kila upande, wainame watazame kati ya ekseli, kisha wasimame wanapoonekana kwenye vioo. Dereva apige honi, ahesabu hadi kumi, ndipo aguse gia. Kati ya saa tisa na saa kumi alasiri, shule zinapofungua milango, lori lisiwe kwenye barabara inayopakana na shule.

Wachezaji densi wasafiri kwenye matatu iliyokodiwa, wamekaa. Kucheza juu ya jukwaa lori likitembea ni hatari inayokatazwa na sheria na pia na akili. Aliye ndani ya vazi la mdudu au la chupa apewe dakika 15, kisha alivue na anywe maji.

Kuhusu kelele, wasomaji wako wana haki ya kulalamika. Kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, za 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 60 mchana katika maeneo ya biashara, na 50 nje ya nyumba za watu. Usiku, unaoanza saa mbili, ni 35. Spika inayotoa desibeli 100 ukiwa mita moja bado inatoa kama 70 ukiwa mita 32. Kwa hiyo hakuna njia ya kupita Umoja muziki ukiwa juu kabisa na kudai mmetii. Spika zielekezwe chini kwa umati, kwa sauti ya wastani, na zinyamaze kabisa lori likitembea. Dereva anahitaji kusikia ambulensi.

Mwisho ni karatasi. Ukibadilisha bodi au rangi ya gari, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, iarifiwe, na kampuni ya bima pia, maana bima iliyokatiwa Canter tupu inaweza kukataa kulipia Canter yenye chupa. Kibali cha kaunti, leseni ya muziki na stika ya ukaguzi vikae kwenye kabini. Hapo kanjo, yaani askari wa kaunti, akisimamisha gari, dereva hatalazimika kumpigia mtu wa masoko ambaye simu yake imezimwa. Zile namba tatu ziandikwe kwa wino mzito na kubandikwa juu ya kioo cha mbele, kwa mita na kilo, pamoja na tarehe ya kupimwa. Sanamu ikiongezewa hata bendera, zipimwe upya.

Madereva na mafundi wa magari ya matangazo,
Eneo la Viwanda, Nairobi